Mianzi ya Jirani

Eufrazia aliliona chipukizi lile akiwa na ufagio mkononi. Lilikuwa limetoboa sementi ya kaburi la mama mkwe wake, upande wa miguuni, likasimama pale kama pembe ya mbuzi, ncha yake nyeusi na ubavuni lina vinyweleo vinavyowasha. Jana yake jioni halikuwapo. Aliinama akalisukuma kwa kidole, halikutikisika. Ufa ulikuwa umeanzia hapo ukapanda hadi karibu na msalaba, na alipogonga sementi kwa kifundo cha kidole ikaitika kama debe tupu.

Kwa misimu miwili ya mvua alikuwa akipambana na machipukizi hayo uani kwake. Yalianza nyuma ya choo, yakaja jikoni, yakainua matofali ya kijia. Aliyakata kwa panga, yakarudi. Akayafuata chini kwa jembe, akakuta mzizi mgumu wa njano, wenye pingili, unaokwenda ubavu-ubavu ardhini kama waya wa umeme uliofukiwa, na kila pingili ina jicho lake linalongoja mvua. Pale mtaani kwao Chanika hakuna aliyekuwa hajui mianzi ile imetoka wapi. Ilitoka kwa mzee Gozbert, jirani wa upande wa juu, ambaye badala ya kujenga ukuta aliipanda mpakani mstari mzima. Sasa ilikuwa imepita paa la nyumba yake, na upepo ukivuma ilisuguana ikalia kama milango isiyotiwa mafuta.

Sebastian, mumewe, alikuwa seremala na karakana yake ilikuwa palepale uani. Alipoitwa alikuja na randa mkononi, akatazama. Alirudi akachukua tindo na nyundo, akalikata chipukizi usawa wa sementi, kisha akajaza mchanga kwenye ufa na kuusawazisha kwa kiganja. Alimwambia mkewe kuwa jambo hili lisitoke nje ya uzio, na hasa lisimfikie Editha.

Editha alikuwa dada yake mkubwa. Mwisho wa mwezi alikuwa aje kutoka Songea kwa misa ya kumbukumbu ya mama yao. Ndiye aliyekuwa amepinga mama kuzikwa uani, kwenye mchanga wa Dar es Salaam, mbali na makaburi ya ukoo. Na Eufrazia ndiye aliyesimama siku ile akasema kwamba mama mwenyewe, kabla hajakata kauli, alitaka asirudishwe. Mama alikuwa ameyasema hayo mbele ya Eufrazia peke yake, kwa hiyo hakuna aliyesadiki. Ukoo ulimwona ni mkwe aliyetaka kujirahisishia mambo.

"Akilikuta hivi," Sebastian alisema, "atasema tumemtupa mama porini."

Kesho yake chipukizi lilikuwa limerudi, na pembeni yake lingine. Sebastian akakata tena. Halafu asubuhi moja Eufrazia alipokwenda kufagia alikuta sementi yote imekuwa nyeusi, inanuka gereji. Mumewe alikuwa amemwaga oili chafu kaburini ili kuua mizizi. Eufrazia alisimama akiliangalia doa lile lilivyopita chini ya msalaba, akaweka ufagio chini, akajifunga kanga, akaenda kwa mzee Gozbert.

* * *

Haikuwa safari nyepesi. Mzee Gozbert alikuwa mhasibu mstaafu, mtu wa Bukoba, mwenye Kiswahili cha kupimwa na shati lililopigwa pasi hata siku ya kazi za shamba. Kisima kilikuwa chake. Alikuwa ametoa bomba nje ya uzio ili nyumba za jirani zichote, na hakuwahi kumsimanga mtu. Gari lililompeleka mama mkwe hospitali mara ya mwisho lilikuwa lake pia. Mtu wa namna hiyo humwendei kwa sauti kubwa.

Geti halikufunguliwa. Kilifunguliwa kidirisha chake, na uso wa mzee ukatokea hapo. Eufrazia akaamkia, akaitikiwa. Zamani angekaribishwa ndani na mke wa mzee, mama Filomena, mwenyekiti wa akina mama wa kigango, angepewa kiti na chai. Lakini mama Filomena alikuwa kwa binti yake Bukoba tangu mwaka juzi, mzee alivyosema, na tangu hapo geti lile lilikuwa haliingiwi na mtu.

Eufrazia alieleza yote, hata kaburi. Mzee alimsikiliza hadi mwisho. Alimpa pole, akasema mahali alipolala marehemu ni pa kuheshimiwa. Kisha akasema kwamba mianzi ni mimea, huota inapotaka, na Chanika nzima watu wanayo.

"Una uhakika gani kwamba hiyo ni yangu, mama Linus? Niletee ushahidi. Mimi maisha yangu yote nimekuwa mtu wa ushahidi."

Akafunga kidirisha taratibu, kama anavyofungiwa mtu aliyekuja kuuza vijiko.

Eufrazia alirudi nyumbani uso unamwaka. Alikaa mbele ya cherehani yake bila kukanyaga, akifikiri neno lile moja. Ushahidi. Mwishowe akachukua futi yake ya kushonea na simu yake yenye kioo kilichopasuka, akatoka uani. Kila penye chipukizi alisimamisha futi kando yake, akapiga picha. Vichipukizi vidogo havikuonekana vizuri kwenye majani, kwa hiyo alikata mabaki ya kitambaa chekundu cha majoho ya kwaya, akafunga kipande kimoja kwa kila kimoja. Alipomaliza kwake akaenda kwa Hamida, jirani wa upande wa chini, mama mtu mzima wa Kizaramo anayeishi na wajukuu.

Hamida alimwonyesha choo chake, ukuta umeachana. Halafu akamwingiza chumbani, akainua godoro, na pale chini ya kitanda, kwenye sakafu, palikuwa na kitu kimeinua sementi kikachungulia.

"Mie nilijua nyoka," alisema. "Nikawahamishia watoto sebuleni."

Eufrazia alikifunga kitambaa hata kile cha chini ya kitanda. Kila alfajiri alizunguka akipima tena, akipiga picha tena, na vitambaa vikaongezeka. Siku moja alipanda juu ya meza ya Sebastian ya kupigia randa ili apige picha ya ua wote kutoka juu, na hapo ndipo alipokiona alichokuwa akikitafuta. Vile vipande vyekundu havikuwa vimetawanyika ovyo. Vilikwenda kwa mistari, na mistari yote ilitoka mahali pamoja, kwenye uzio wa mzee Gozbert. Mmoja ulipita moja kwa moja hadi kaburini.

Lakini watu wa mtaani hawakuwa juu ya meza. Wao waliona mwanamke anayefunga vitambaa vyekundu kuzunguka kaburi. Mteja mmoja alikuja kuchukua kitenge chake kikiwa bado hakijakatwa, akasema atashonesha siku nyingine, macho yake yakiwa uani. Bombani mazungumzo yalikatika alipofika. Hamida ndiye aliyemfikishia yanayosemwa, kwa sauti ya chini, kama anayemtoa mwiba.

"Wanasema unamfunga mama mkwe asitoke."

Wiki hiyohiyo bomba likafungwa kwa kufuli. Mzee Gozbert alituma ujumbe kwamba pampu imeharibika. Wanawake wa nyumba zote walisimama na ndoo zao, wakalitazama kufuli, kisha wakamtazama Eufrazia. Tangu siku hiyo alisukuma madumu kwenye toroli kutoka kisima cha msikitini, ng'ambo ya bonde, na njia nzima alijua anahesabiwa kuwa ndiye aliyewakosesha wenzake maji.

* * *

Ofisi ya serikali ya mtaa ilikuwa na benchi moja refu, na siku aliyokwenda lilikuwa limejaa. Mwenyekiti, mzee Sadallah, alimpokea vizuri. Mtendaji, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, alichukua simu akaanza kupitisha picha kwa kidole. Mwanzoni alivutiwa. Aliuliza futi ile ni ya nini, akaambiwa, akatikisa kichwa kwa kukubali. Kisha kidole kikasimama.

"Hiki ni nini?"

Eufrazia alikuwa ameiona hatari hiyo tangu nyumbani. Alijaribu kuchagua picha, lakini kila picha iliyoonyesha mstari wa mianzi vizuri ilikuwa na kaburi ndani yake. Alisema ni kaburi la mama mkwe. Mtendaji akauliza kibali cha kuzika kwenye kiwanja kiko wapi. Akaeleza kwamba eneo lote liko kwenye urasimishaji, bikoni za mipaka zimeshawekwa, na kwenye ramani hapakuwa na kaburi lolote pale. Eufrazia alisema mjumbe wa wakati ule aliwaruhusu kwa mdomo. Mjumbe huyo alikuwa amekwisha hama.

"Sasa mama," mtendaji alisema, si kwa ubaya, ila kwa sauti iliyofika benchini, "umekuja kuushtaki mwanzi au umekuja kujishtaki mwenyewe?"

Benchi likacheka. Mzee Sadallah hakucheka. Alichukua ile simu, akamrudishia Eufrazia, akamwambia polepole kuwa yeye bado hajaandika kitu. Akitaka anaweza kwenda nyumbani, akafikiri, akafuta baadhi ya picha, na siku hii ikahesabiwa haikuwapo. Lilikuwa jambo la huruma na Eufrazia alilitambua hivyo. Alishika simu kwa mikono miwili. Aliona jinsi ambavyo angerudi, angekata, angemwaga oili, angefunika mchanga, na chini yake sementi ingeendelea kuitika kama debe.

"Njooni mwone," alisema. "Vyote, na kaburi."

Jioni alimweleza mumewe. Sebastian hakupandisha sauti. Alisukuma sahani kando.

"Umempeleka mama ofisini wakamcheka."

"Na wewe ulimmwagia oili."

Baada ya hapo hawakusemeshana isipokuwa kwa mambo ya chumvi na funguo.

* * *

Editha hakungoja mwisho wa mwezi. Maneno ya vitambaa vyekundu yalikuwa yamefika Songea kwa simu, na siku moja kabla ya ukaguzi wa serikali ya mtaa alitokea mlangoni na begi begani, vumbi la safari hadi kwenye kope. Alikataa maji. Alipita moja kwa moja uani, akasimama mbele ya kaburi. Aliangalia oili, aliangalia ufa, aliangalia machipukizi yenye vitambaa shingoni. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mabega ya mama yake, na kimya chake kilikuwa cha mama yake vilevile.

Alimwuliza mdogo wake nani amefanya hivi. Sebastian akasema ni mianzi. Akauliza tena, kama mwalimu anayempa mtoto nafasi ya pili. Sebastian akainamisha kichwa. Basi Editha akasema kwamba hakuja kugombana. Amekuja kumchukua mama. Ukoo umeshakubaliana, na safari hii hataki kusikia habari za wosia uliosikiwa na mtu mmoja.

"Wifi, maneno yale usinirudie," alisema. "Uliyasema siku ile, nikanyamaza kwa sababu ya msiba. Leo si msiba."

Eufrazia hakurudia. Alimwekea maji ya kuoga, akamtandikia kitanda cha mwanawe Linus aliyekuwa shule ya bweni, na usiku kucha alisikia mianzi ikilia juu ya paa.

Asubuhi watu walikuja wengi kuliko walioitwa. Mzee Sadallah na mtendaji walikuja na vibarua wawili wenye majembe. Hamida alisimama karibu, wengine wakajipanga uzioni kama wanaongoja mechi. Editha aliweka kiti kando ya kaburi, akakaa, mikono juu ya mapaja. Mzee Gozbert alisimama nje ya geti lake kwa shati jeupe.

Kibarua aliuliza waanzie wapi. Kabla hajajibiwa, Sebastian alimnyang'anya jembe, akaanza kuchimba miguuni pa mama yake. Hakuna aliyemzuia. Mzizi ulitokea mapema, mnene kama mkono wa mtoto, nao wakaufuata. Ulipita chini ya kamba ya nguo, ukapita ubavuni mwa jiko, wakavunja kijia cha matofali na kuukuta hapohapo, haujakatika mahali popote. Eufrazia alikwenda nao akipiga picha kila walipofukua. Mzizi ukafika uzioni, ukazama upande wa pili.

Mtendaji akamgeukia mzee Gozbert. Mzee alisema, kwa utulivu wake uleule, kwamba mzizi una ncha mbili. Kama umetoka huku kwenda kule, unaweza vilevile kuwa umetoka kule kuja huku. Watu wakatazamana, maana halikuwa jibu la kijinga. Mtendaji akasema basi hapana budi kuiona ncha ya pili.

"Kwangu hapaingiwi."

Mzee Gozbert alisema akiliegemea geti. Mzee Sadallah alimkumbusha kwa heshima kwamba akikataa itaandikwa amekataa, na uamuzi utatolewa bila yeye. Mzee Gozbert aligeukia geti. Alitoa ufunguo, akauelekeza kwenye kufuli, ukakosa tundu, akajaribu tena, ukakosa. Mwishowe Sadallah ndiye aliyemshikia kufuli.

Ndani kulikuwa na giza la kijani. Mianzi ilikuwa imeshonana kama ukuta na majani yake makavu yamefunika ardhi, hata nyayo hazikusikika. Mtendaji alimwambia Eufrazia apige picha shina lenyewe, lile kubwa. Akainua simu. Na kwenye kile kioo kilichopasuka, kabla hajamwona kwa macho yake, alimwona mtu.

Mama Filomena alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kati ya mianzi na ukuta wa nyumba. Gauni lake lilikuwa safi lakini limevaliwa mbele nyuma. Kanga ilikuwa imemzunguka kiunoni na kufungwa kwenye kiti. Yule aliyekuwa hatoki nyumbani bila kilemba kilichopigwa pasi alikuwa kichwa wazi, nywele nyeupe zimesimama, na mapajani ana rundo la magamba ya mianzi. Alikuwa akiyamenya moja moja, kwa umakini, kama anavyomenya ndizi mwanamke mwenye wageni.

Nyuma watu walikuwa wanasukumana kuingia. Mmoja akasema si walituambia yuko Bukoba. Mwingine alikuwa ameshainua simu yake.

Eufrazia alishusha yake. Aligeuka, akatandaza mikono kwenye uwazi wa geti, mwili mzima.

"Mwenyekiti, watoe watu."

Sadallah aliwatoa, hata vibarua, hata mtendaji. Eufrazia alivua kanga yake ya juu akamfunika mama Filomena kichwa na mabega, akapiga magoti akaanza kufungua fundo la kiunoni. Mzee Gozbert alikuwa amewapa mgongo, ameelekea mianzi, na alizungumza akiwa vilevile.

Alisema ilianza kwa mkewe kusahau sufuria motoni. Kisha akawa anatoka. Siku moja alikwenda hadi barabara ya lami akiwa na gaguro tu, na vijana wakamfuata na simu zao wakimrekodi, wakimwambia acheze. Picha hizo zilizunguka. Watoto wakawa wanakuja uzioni kumwita. Mwuza miche alimwambia mzee kuna mianzi ya kigeni inayokua haraka, mvua mbili tu mtu haoni ndani.

"Nikasema hawatamwona tena," alisema. "Sikufikiri itakwenda mbali. Halafu nilipoiona inakwenda, sikuwa na la kuweka mahali pake."

Eufrazia aliendelea kufungua fundo. Alikuwa na hasira yake bado, ilikuwa imekaa palepale kifuani, ila haikuwa na pa kwenda. Fundo lilipofunguka mama Filomena alimtazama, akachukua gamba moja lililomenywa, akampa.

* * *

Uamuzi uliandikwa siku hiyohiyo. Mianzi yote ing'olewe kwa gharama ya mwenyewe, uchimbwe mtaro mpakani na mabati yazamishwe humo ili mizizi isivuke tena, sakafu na choo cha Hamida vitengenezwe. Kisha mtendaji, bila kumtazama mtu, akasoma sehemu ya pili. Kaburi limeonekana, na lililoonekana haliwezi kuachwa lilivyo. Marehemu ahamishiwe makaburi ya umma au kwingineko watakakochagua ndugu, na ofisi itasaidia kupata kibali. Eufrazia alishinda na kushindwa kwenye karatasi moja.

Kufuli la bomba lilikuwa limeondolewa kabla ya jua kuzama. Hakuna aliyetaja pampu.

Editha alianza kuulizia gari la kumsafirisha mama, na Eufrazia hakumpinga. Alikuwa na kazi nyingine. Kila asubuhi alivuka kwa mzee Gozbert kumwogesha mama Filomena. Hakuombwa. Mzee alimfungulia tu geti, akaenda kukaa upande wa pili wa nyumba. Siku ya kwanza mama Filomena alimuuma mkono. Siku iliyofuata alimmwagia maji. Editha, ambaye alitaka kujua wifi yake anakwenda wapi wakati kuna mambo ya mazishi ya kupanga, alimfuata, akasimama mlangoni mwa bafu akitazama. Aliona jinsi Eufrazia anavyokausha katikati ya vidole, anavyogeuza uso pale panapotaka kugeuziwa uso, anavyokemewa na kuendelea.

Walipokuwa wanarudi, Editha alisimama kwenye mtaro uliokuwa unachimbwa.

"Ndivyo ulivyokuwa ukimfanyia mama?"

"Mama alikuwa mkali zaidi. Huyu anamwaga maji. Mama alinitemea uji."

Editha hakutabasamu. Aliyatazama mabati yaliyolala kando.

"Siku ile alikuambia nini hasa? Siyo ulivyotuambia sisi. Alivyosema yeye."

Eufrazia alifuta mikono yake kwenye kanga. Kwa muda wote huo hakuwahi kuyasema kama yalivyotoka, hata kwa mumewe, kwa sababu yalimwaibisha.

"Alisema, nizike hapa hapa. Nyumbani watakuja wengi, watalia, wataondoka. Akasema, wewe hunipendi, Eufrazia, lakini wewe ni msafi."

Kwanza ilikuwa kama Editha hakusikia. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Eufrazia akadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka hadi akashika uzio. Hakuna mtu duniani angeweza kuyatunga maneno yale, yalikuwa na sauti ya mama mtupu, na ukali wake, na namna yake ya kumpiga mtu na kumsifu kwa mkono mmoja. Halafu kicheko kikageuka, akalia kweli, kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye basi.

"Basi abaki huku," alisema alipoweza. "Nitawaambia mwenyewe."

Walimhamisha mama kwenda makaburi ya kata, asubuhi, padri akiwapo na watu wachache. Mizizi ilikuwa imefika. Sebastian hakukubali kibarua ashuke shimoni. Alishuka mwenyewe na msumeno wake mdogo wa kazi nzuri, akamtoa mama yake humo pole pole, kipande kwa kipande cha mzizi, na Eufrazia alipiga magoti ukingoni akimpokelea vilivyokatwa. Alipoinua mkono ili avutwe, ni mkewe aliyemvuta. Siku hiyo walirudi nyumbani wameandamana, na jioni wakala sahani moja.

Mianzi iling'olewa kwa wiki kadhaa. Haikwisha. Hadi leo jicho hujitokeza hapa na pale, kwa Eufrazia au kwa Hamida, na mzee Gozbert huja mwenyewe na jembe, shati limepigwa pasi, akaamkiwa na kuchimba. Lakini ule ukuta wa kijani umekwenda, na nyumba yake sasa inaonekana yote kutoka njiani, baraza na vilivyomo barazani. Siku za kwanza vijana walianza kusimama. Watoto wakajiegemeza uzioni.

Eufrazia hakushauriana na mtu. Asubuhi moja Sebastian alimbebea cherehani, wakavuka nayo mtaro, wakaiweka kwenye baraza la mzee Gozbert, upande unaotazama njia, mbele kidogo ya kiti cha mama Filomena. Anashonea hapo mpaka leo. Wateja wake wamerudi karibu wote. Mama Filomena hukaa nyuma yake akikunjua na kukunja vipande vya kitambaa, siku nyingine akiimba, siku nyingine akitukana, wala hakuna anayemfunga. Na yeyote anayepita akataka kuchungulia, humbidi kwanza amsalimie Eufrazia.